Moyo Haujihukumu Wenyewe: Yijing, Ramli na Hatari ya "Nimeona Rohoni"

Leo siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Nataka kujibu wazo moja ambalo linazunguka kwenye telefone za vijana wenzetu, na ambalo watu waliosoma wanalipitisha bila kulipima.

Wazo lenyewe ni hili. Ati Wachina wa zamani walikuwa na njia ya kuagua inayoitwa Yijing (wengine wanaandika I Ching). Unakaa kimya, unapumua polepole, unatuliza mawazo, unauliza swali lako, halafu kile kinachokuja cha kwanza moyoni njo jibu. Kitabu na vijiti ni mapambo tu. Kisha wanaongeza: hata wazee wetu walifanya vilevile, mufumu alifunga macho akaona. Basi, kijana, amini moyo wako.

Ni maneno matamu. Nayapinga kwa sababu tatu. Yanaeleza vibaya habari ya Wachina, yanaeleza vibaya habari ya waaguzi wa Afrika, na katika sehemu zetu hizi za vita na kuhama-hama yanaweza kuua mtu. Hiyo ya tatu njo imenisukuma kuandika.

Tuanze na Wachina. Yijing ni kitabu cha michoro 64. Kila mchoro una mistari sita, na kila mstari ni ama mzima ama umekatika katikati. Zidisha 2 kwa 2 mpaka ufike mara sita, unapata 64. Namna ya zamani ya kupata mchoro ni hii: unachukua vijiti 50 vya mmea wa porini, unaweka kimoja pembeni, vile 49 unavigawa mafungu mawili bila kuhesabu, halafu unavihesabu vinne vinne na kuangalia vinavyobaki. Unarudia mara tatu kwa mstari mmoja. Kwa mistari sita ni mara 18. Si kazi ya dakika mbili. Baadaye watu wengi walihamia kwenye sarafu tatu, zinazorushwa mara sita.

Hapa kuna jambo ambalo waliosoma takwimu watalipenda. Mistari iko ya aina nne: miwili imetulia, miwili iko njiani kugeuka. Kwa vijiti, nafasi za aina hizo nne hazilingani: katika 16, aina moja inapata 1, nyingine 3, nyingine 5, nyingine 7. Kwa sarafu ni 2, 2, 6 na 6 katika 16. Mgawanyo huo hauna habari na moyo wa mtu. Ukiwa na hasira au ukiwa umetulia kama ziwa asubuhi, vijiti vinafuata hesabu ileile.

Kutafakari kupo, sikatai. Zhu Xi, mwanachuoni mkubwa wa Uchina aliyeishi kuanzia 1130 hadi 1200, aliacha maelekezo ya kazi hiyo: mahali pasafi, uvumba, heshima, swali linasemwa wazi. Lakini ona utulivu umewekwa wapi: mbele ya vijiti. Unatulia ili swali lako liwe moja, lililo safi, na mikono isikimbie. Ukishamaliza kuuliza, vijiti vinasema vyao, na vinaweza kusema kitu ambacho hukutaka kabisa kusikia.

Wanaotetea moyo watanikumbusha njia nyingine, ile ya maua ya plamu, ambayo mapokeo ya Kichina yanaihusisha na Shao Yong (1011–1077). Huko hakuna vijiti. Mtu anachukua tarehe na saa, au hesabu ya vitu alivyoviona njiani, anavigeuza kuwa mchoro. Sawa. Lakini hata huko unagawa kwa 8 na kwa 6, na unachobakiza njo kinakupa mchoro. Jicho limechagua cha kuhesabu. Hesabu imetoa mchoro.

Na yule ambaye vijana wanamtaja sana, Carl Gustav Jung, mganga wa akili kutoka Uswisi? Richard Wilhelm alitoa tafsiri ya Kijerumani ya Yijing mwaka 1924. Ilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1950, Jung aliiandikia dibaji, na dibaji hiyo ilisaidia sana kueneza wazo kwamba kitabu ni kioo cha nafsi. Lakini ukiisoma utaona kwamba Jung mwenyewe, alipotaka kukiuliza kitabu, alirusha sarafu. Akapata mchoro wa 50, ule wa chungu, kisha njo akaanza kuufikiria. Mtu wa nafsi na ndoto, na bado hakujiruhusu kujitungia jibu.

Turudi kwetu Afrika. Mwambao wa Waswahili kuna kupiga ramli, au kupiga bao. Neno limetoka kwa Kiarabu, ramli ni mchanga. Mwaguzi anapiga nukta haraka haraka bila kuhesabu, anazifuta mbili mbili, na inabaki moja au mbili kwa kila mstari. Mistari minne inatoa umbo moja, na maumbo yanayowezekana ni 16. Anapata maumbo manne ya kwanza, wanaoitwa mama. Kutoka hapo bahati imekwisha. Kinachobaki ni hesabu. Mama wanatoa mabinti wanne, hao wote wanatoa wengine wanne, wanakuja mashahidi wawili, na mwisho hakimu mmoja. Maumbo 15.

Sasa sikilizeni uzuri wake. Mabinti wanatengenezwa na nukta zilezile za mama, zikisomwa upande mwingine. Kwa sababu hiyo jumla ya nukta za hakimu lazima iwe shufwa: 4, 6 au 8. Ikitokea witiri, 5 au 7, mwaguzi anajua papo hapo kwamba amekosea mahali, na anaanza tena. Katika maumbo 16, ni 8 tu yanaweza kuwa hakimu. Watu hawa waliweka ndani ya bao lao kifaa cha kukamata kosa. Ramli ilivuka bahari ikafika Madagascar, ambako inaitwa sikidy na inapangwa kwa mbegu. Huko nako hesabu za kujipima ziko. Mwambie mtu wa sikidy kwamba mbegu ni mapambo na ajibu tu kwa moyo, atakuona mjinga.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi uko kaskazini mwa inchi yetu, kwa Wazande, wanaoishi Uele na kuvuka mpaka hadi Sudan ya Kusini na Afrika ya Kati. E. E. Evans-Pritchard alikaa kwao kati ya 1926 na 1930 upande wa Sudan, na kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya uchawi na waaguzi wa Kizande bado kinasomwa katika vyuo vikuu duniani. Anaeleza kipimo kikubwa kinachoitwa benge: sumu ya mmea wa kutambaa, iliyofuatwa Kongo, ng'ambo ya mto Bomokandi. Kuku analishwa, swali linaulizwa: kama fulani ametenda jambo hili, benge, ua kuku. Kuku akifa, kazi haijakwisha. Kuku wa pili analishwa na swali linageuzwa: kama umesema kweli, huyu wa pili apone. Wakifa wote, au wakipona wote, hakuna jibu.

Kuna pia dakpa, kipimo cha mchwa: matawi ya miti miwili yanaingizwa katika kichuguu jioni, na asubuhi wanaangalia mchwa wamekula lipi. Na kuna iwa, kibao kidogo cha kusugua, cha haraka, cha mfukoni, ambacho mkono wa mtu njo unakiendesha. Sasa Wazande wenyewe walikipa kipi heshima ya chini kati ya hivi vitatu? Iwa. Benge juu, dakpa katikati, iwa chini. Walijua vizuri kwamba pale mkono wa mtu unapokaribia jibu, uongo unaweza kuingia. Hilo linavunja yale maneno ya "wazee waliamini moyo tu".

Kama mtu aliyesomea kilimo, nasoma haya na ninatambua kitu. Tulipofundishwa kupanga shamba la majaribio, mwalimu alikataza kabisa kuchagua kwa jicho parseli ipi ipate maharagwe ya aina gani. Unafanya tiraji. Kwa nini? Kwa sababu mkono wako, bila wewe kujua, utaipa aina unayoipenda udongo mzuri wa bondeni. Mafundisho hayo yanatoka kwa Ronald Fisher, aliyefanya kazi kituo cha Rothamsted, Uingereza, na kuandika vitabu vya mwaka 1925 na 1935 ambavyo bado vinatawala majaribio yetu. Bahati nasibu inafanya kazi moja tu pale: kukuzuia wewe.

Wasomi wengine wameliona jambo hili katika uaguzi. Mwaka 1957 Omar Khayyam Moore aliandika juu ya wawindaji Wanaskapi wa Labrador, Kanada, ambao walichoma mfupa wa bega la mnyama na kufuata nyufa zake ili wajue waende kuwinda upande gani. Alisema huenda faida ilikuwa hii: wawindaji hawakurudi kila siku kule walikozoea, na wanyama hawakuwakariri. Mwaka 1993 Michael Dove aliandika juu ya wakulima Wakantu wa Borneo, wanaochagua mahali pa kufyeka shamba kwa kufuata ishara za ndege. Ndege hawajui udongo. Lakini wakulima hao hawakujazana wote sehemu moja, na mafuriko au ukame haukuwamaliza wote pamoja.

Moyo basi hauna kazi? Unayo. David Parkin alichunguza waaguzi wa Kenya, Wagiriama na Waswahili, na maandishi yake yako katika kitabu kilichokusanywa na Philip Peek mwaka 1991 juu ya uaguzi wa Afrika. Anaonyesha kwamba maneno ya mwaguzi yanaanza yamechanganyika, kama mtu aliyepotea porini, halafu polepole njia zinanyooka. Katika kitabu hichohicho Susan Reynolds Whyte anaeleza habari za Wanyole wa mashariki ya Uganda, ambao wana waaguzi wa pepo na waaguzi wa vitabu vya Kiarabu, na aliyekuja kuuliza anakubali au anabisha mpaka jibu lipatikane. Huo ni ufundi wa kweli wa kumsoma mtu. Mama aliyelima viazi miaka 30 huko Masisi akipita shambani kwangu akasema "hii haiko sawa", mimi nasimama kabla hata sijaona doa.

Lakini moyo wa mama huyo umefundishwa na nini? Na mavuno. Kila msimu alikisia, na kila msimu udongo ulimjibu: umepata, au umekosa. Miaka 30 ya kusahihishwa. Maono ya moyo yanakuwa elimu pale ambapo kuna kitu kinachoweza kuyaambia hapana. Sasa nionyesheni, yule anayefunga macho na kusema "mchawi ni bibi yule wa nyumba ya tatu", nani amewahi kumwambia umekosa? Bibi akikana, ni ujanja wa wachawi. Akilia, ameungama. Akifa, hakuna tena wa kuuliza.

Hii si hadithi ya kutisha watoto. Kivu ya Kusini, katika maeneo ya Kabare, Kalehe na Walungu, mwezi wa 9 mwaka 2021, wanawake 8 walioshitakiwa uchawi waliuawa, wengine wakachomwa moto. Katika habari hizo walitajwa bajakazi, wanawake wa vyumba vya maombi ambao wanasema wanaona wachawi kwa uwezo wa rohoni. Hawana vijiti, hawana bao, hawana kuku wa pili. Wana utulivu, maombi, na neno moja: nimeona. Kwa maneno mengine, ni ile njia ambayo vijana wetu wanaisifu kwenye telefone, ikiwa imetolewa kwenye mambo ya mapenzi na kazi, ikapelekwa kwenye kifo cha mtoto wa jirani.

Na sisi wa Masisi na Walikale tuna udongo uliolimwa tayari kwa jambo hilo. Watu wamehama mara tatu, mara nne. Katika kambi za badeplase, jirani yako ni mtu usiyemjua. Mtoto anaharisha, mume hajarudi kutoka kwenye machimbo ya kasiterite, na swali linalokuja si "nini?", ni "nani?". Evans-Pritchard alilieleza vizuri kwa mfano wa ghala: Mzande anajua sana kwamba mchwa walikula nguzo, anachouliza ni kwa nini ghala lianguke saa ileile ambayo watu hawa wamekaa chini yake.

Nimelisikia swali hilo shambani. Mnyauko wa bakteria wa migomba uliripotiwa Uganda mwaka 2001, na Masisi ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuupata upande wa Kongo, miaka hiyohiyo. Majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, ukikata shina unatoka usaha wa manjano. Na unaweza kumaliza shamba la mtu mmoja huku la jirani limesimama. Hapo njo maneno yanaanza: wamemroga. Jibu la kilimo ni la kuchosha: panga iliyokata mgomba mgonjwa imekata na mzima, wadudu wametoka kwenye ua dume la huku kwenda la kule. Kata ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Pitisha panga kwenye moto au kwenye maji ya javeli. Ng'oa shina linaloumwa. Huhitaji jina la mtu yeyote.

Hata hivyo nisiwasifu Wazande kupita kiasi, na hapa pia nina shida na wasomaji wa Evans-Pritchard wanaomsoma kwa kutabasamu. Aliandika kwamba yeye mwenyewe aliendesha mambo ya nyumba yake kwa benge na hakuona ni njia mbaya kuliko nyingine. Kwa kupanga safari, sawa. Lakini tupige hesabu. Tuseme kuku anaweza kufa au kupona kwa nafasi sawa, kama sarafu. Mtu asiye na kosa atapatikana na hatia, kuku wa kwanza kufa na wa pili kupona, mara 1 katika 4. Ukipeleka majina manne, nafasi kwamba angalau mmoja atashikwa ni karibu 68 kwa 100. Ndani ya mji ambao hauna mchawi hata mmoja! Tena kitabu chenyewe kinaeleza kwamba wanawake walizuiwa kutumia benge. Ilikuwa mali ya wanaume, na zaidi ya wazee. Kwa hiyo utaratibu unafunga mikono ya mwaguzi, lakini haumfungi yule anayechagua majina ya kuuliza.

Ndiyo sababu naweka mpaka hivi. Bahati nasibu inafaa kuchagua kati ya vitu ambavyo vyote havina hatia: parseli, upande wa kuwinda, nani aanze kuchota maji. Kutafakari kunafaa kusafisha swali na kutuliza hasira. Moyo unafaa pale ambapo umesahihishwa miaka mingi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kumtia mtu hatiani, na vikiunganishwa vyote bado haviwezi. Sheria yetu ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 ya kulinda watoto inamfunga mwaka 1 hadi 3 anayemshitaki mtoto uchawi. Waliosoma sheria kati yetu wangefanya kazi njema kuieleza kanisani na kambini, kwa Kiswahili ambacho watu wanasema.

Walikale wana hadithi ya Mwindo ya Wanyanga, iliyochapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Mwindo ana uwezo wote, anatembea tangu siku ya kuzaliwa, lakini alipomfuata baba yake hadi kwa Sheburungu alilazimika kukaa chini na kucheza mchezo wa mbegu. Alishindwa, mali ikamtoka, mpaka mwisho akashinda. Si uaguzi, najua. Ila babu zetu hawakumruhusu hata shujaa huyo aseme tu "moyo wangu umeniambia nimeshinda". Mbegu zilihesabiwa.

Kwa hiyo, ndugu, mtu akikuletea jibu la rohoni, muulize maswali matatu kabla hujalipitisha kwa wengine. Jibu hili lingeweza kutoka kinyume cha unachotaka? Mtu mwingine akiuliza bila kujua jina, atapata hilohilo? Na kama umekosa, nani atalipa: wewe, au yule bibi?

Nina ombi moja la kumalizia. Wengi wenu mna wazazi na mababu wanaojua namna za kuagua za Wahunde, za Wanyanga, za Wakano, za Watembo. Mimi nimeegemea vitabu vya Wachina, Wazande na watu wa pwani kwa sababu hivyo njo vimeandikwa. Nendeni mukawaulize, si kwa kuaguza, kwa kuandika: walitumia kitu gani, walihesabu nini, na walipokosea walijuaje. Leteni hapa, tusome pamoja.